Sura ya Saba: Machujio Manne kwa Dakika Ishirini

"Kaingia, katoka, mashine imelipuka, mtu amekufa." Mkuu wa kituo alisema hivyo huku akiligonga faili kwa kidole kila baada ya neno. "Sasa wewe Sindano unatafuta nini tena? Saa nane nataka huyu fundi awe mbele ya hakimu."

Mpelelezi aliendelea kusoma. Kituo kizima kilimwita Sindano, hata barua zake za likizo ziliandikwa hivyo kwa kalamu ya risasi pembeni, naye alishaacha kulalamika. Alikuwa analisoma daftari la getini kwa mara ya tatu. Marehemu mlinzi, ambaye watu walimwita Mzee Tochi kwa sababu alitembea na tochi hata mchana wa jua kali, alikuwa na mwandiko mkubwa wa kujibana: *Ijumaa. Fundi Chujio. Kuingia 3:10. Kutoka 3:30.*

"Nani kasema fundi ndiye aliyeifunga ile mashine?" aliuliza.

"Mwenye nyumba."

"Alimwona akiifunga?"

"Mkurugenzi mzima aseme uongo kwa ajili ya bwawa la kuogelea?"

"Nimeuliza kama alimwona, mkuu. Sijauliza cheo chake."

Mkuu alishusha pumzi kwa nguvu. Sindano alilifungua faili na hasira ikampanda upya. Mtu amekufa, na katika faili zima kulikuwa na maelezo ya mtu mmoja tu! Na hayo maelezo hayakuchukuliwa na askari yeyote. Mkurugenzi aliyachapa mwenyewe nyumbani kwake, akayatia sahihi, akampa dereva ayalete, na kituo kikayapokea kwa mikono miwili kama kadi ya harusi. Jumamosi saa nne na nusu asubuhi, yalisema, kifuniko cha mashine ya kuchujia maji ya bwawa kiliruka na kumpiga mlinzi kifuani, kwa sababu fundi alikifunga vibaya siku iliyotangulia. Mlinzi alifariki hospitali Jumapili. Leo ilikuwa Jumatatu.

"Nipe mpaka saa nane hiyohiyo," Sindano alisema, akachukua daftari na kutoka.

Kwenye korido alisimama mwanamke aliyejifunga kanga mbili, macho yamevimba. Alikuwa mke wa fundi. Alikuwa pia dada wa marehemu, tumbo moja.

"Afande, nataka nimwone," alisema. "Sikumletea chakula. Nataka aniambie kwa mdomo wake. Kaka yangu alikuwa anamfungulia geti miaka sita, anampa na kiti akae. Kesho tunazika. Nimzike kaka, halafu huyu mume nimlilie au nimlaani? Nambie wewe."

"Sijui bado, dada," Sindano alisema. "Nikijua, wewe ndiye utakuwa wa kwanza kuambiwa."

Fundi alikuwa ameketi chini mahabusu, mgongo ukutani. Mikono yake ilikuwa imechunika kwa dawa za maji, kucha zimekuwa nyeupe. Hakuinuka.

"Ijumaa ulifanya nini pale kwa dakika ishirini?"

"Nilifungua mashine. Nikatoa machujio yote manne. Nikayaloweka kwenye pipa. Basi, nikaondoka."

"Hukuyaosha?"

Fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza, na uso wenyewe ulikuwa na ghadhabu kuliko huzuni. "Afande, uliona wapi machujio manne yakaoshwa kwa dakika ishirini? Watu wanajipaka mafuta, wanaingia kwenye maji. Yale mafuta yanaganda kwenye mikunjo ya chujio, na maji matupu hayayatoi hata ufanye nini. Unaloweka kwenye dawa, yanalala humo. Kesho yake unaosha kwa bomba la bustani, mkunjo mmoja baada ya mwingine, toka juu kwenda chini. Chujio moja ni dakika ishirini na tano ukiwa na haraka, na mimi sina haraka. Halafu unaanika. Ukilirudisha bichi na dawa yake, bwawa zima litatoa povu kama karai la nguo."

"Na kufunga?"

"Pete ya mpira unaifuta, unaipaka grisi yake. Iko kwenye begi langu mliloninyang'anya. Siyo mafuta ya mwilini, hayo yanaila ile pete inavimba. Halafu unaweka kifuniko, unazungusha mkanda wa chuma, unakaza nati kidogo kidogo huku unaugonga mkanda pande zote ili ukae. Usipokaa, ukiwasha pampu hewa inabanana humo ndani, na kile kifuniko kina kilo tisa. Kwa hiyo kwanza unafungua valvu ya hewa juu. Halafu unakaa mbali."

"Unakaaje mbali, na kwenye picha swichi iko palepale?"

"Eeh! Umeiona?" Fundi alipiga paja. "Miaka sita namwambia Mkurugenzi, bosi, hamisha hii swichi uiweke nje. Ananiambia itaharibu ukuta. Mimi huibonyeza kwa mpini wa ufagio, nimejificha nyuma ya ule ukuta mfupi. Yeye mwenyewe ameniona nikifanya hivyo, akacheka, akasema fundi gani muoga hivi. Nikamweleza kwa nini."

Sindano aliandika sentensi hiyo yote, akaipigia mstari.

"Spana yako tumeikuta pale."

"Lazima muikute. Niliiacha kwa sababu nilikuwa narudi Jumamosi jioni. Nilimwambia shemeji, mashine iko wazi, asiguse mtu mpaka nirudi. Akanitania, akasema, 'Nikiigusa nakurudishia mahari yote.'" Fundi alijifuta uso kwa bega. "Niite mwizi, afande. Niite mlevi, nitakusamehe. Lakini usiniambie mimi nilifunga chujio bichi nikamwachia shemeji yangu afe nalo. Hilo sitalikubali hata mnifunge miaka mia."

Nyumba ya Mkurugenzi ilikuwa na geti la kujifungua lenyewe, ila kulikuwa na mtu wa kulisimamia lisijifungue vibaya. Mlinzi mpya alikuwa ameshavaa koti la Mzee Tochi. Jina la kampuni mgongoni lilikuwa lilelile, na mikono ilimfika vidoleni. Siku mbili tu! Sindano alilitazama lile koti, akaandika jina lake mwenyewe kwenye daftari jipya la getini.

Mkurugenzi alikuja akiwa na kandambili na simu mkononi, mtu mnene mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa. "Afande, mimi nilidhani hili jambo limekwisha."

"Limekwisha kwa aliyekufa. Ulikuwa wapi Jumamosi kishindo kilipotokea?"

"Juu, bafuni. Nilikuwa na wageni wanakuja saa sita, najiandaa. Nasikia tu puu! Nashuka, namkuta mzee wa watu chini. Iliniuma sana. Nimeshachangia jeneza."

"Na nani aliyewasha mashine?"

"Yeye mwenyewe, alijituma tu. Alikuwa na kiherehere, Mungu amrehemu."

"Nitazunguka kidogo nyuma," Sindano alisema.

"Nikupeleke?"

"Njia naiona."

Chumba cha mashine kilikuwa nyuma ya nyumba, cha matofali, mlango wa bati. Ndani kulikuwa na pampu chini, na tangi la chujio likimfika Sindano kifuani, nusu ya chini tu, kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimelala pembeni na alama ya kugonga dari. Swichi ilikuwa ukutani, mkono mmoja tu kutoka kwenye tangi. Mtu asingeweza kuibonyeza kwa mkono bila kuinamia lile tangi. Hatua mbili nyuma ulijengwa ukuta mfupi wa matofali, wa kutenga makopo ya dawa. Na pale mlangoni palikuwa na pipa la buluu la kulowekea, maji yamebaki nusu, povu limekauka kwenye kingo.

Alivaa glavu, akavuta chujio moja kutoka kwenye tangi. Lilikuwa refu la duara, la kitambaa kigumu chenye mikunjo mingi kama sketi ya mwanafunzi. Upande wa juu kitambaa kilikuwa kimechanika na kutoa manyoya. Upande wa chini bado ulikuwa mweusi kwa uchafu. Alilinusa. Dawa tupu. La pili vilevile, la tatu vilevile. Hapa hapakuwa na mkunjo mmoja ulioguswa na mtu mwenye subira. Alipapasa pete ya mpira, vidole vikateleza. Ilikuwa imevimba upande mmoja, na juu yake palikuwa na mafuta meupe mazito yaliyochanganyika na mchanga.

Hiyo haikuwa grisi. Grisi ya fundi aliiona asubuhi kwenye begi, nyeusi, kwenye kikopo kidogo chenye kifuniko chekundu.

Alitoka akaelekea banda la magari. Pembeni ilisimama mashine ya kuoshea magari, ile inayotoa maji kwa nguvu ya kubandua rangi. Sakafu chini yake ilikuwa na vipande vya kitambaa cheupe vyenye manyoya, vimekwama kwenye tundu la maji. Aliviokota, akaviweka kwenye bahasha. Kabla ya kwenda jikoni alipita kwenye boksi la umeme ukutani, akashusha swichi ya chumba cha mashine, akachomoa fyuzi na kuitia mfukoni.

Mpishi alikuwa anamenya viazi. Alipoona kitambulisho, kisu kilisimama.

"Dada, nyumba hii inatumia mafuta gani ya kujipaka?"

"Ya mgando. Kila mtu na kopo lake."

"La kwako naomba nilione."

Mpishi alitazama mlango wa sebuleni, kisha akafungua kabati la chini, nyuma ya unga, akatoa kopo la mafuta ya mgando. Katikati palikuwa pamechotwa kwa vidole vinene, shimo kubwa, na mchanga ndani yake.

"Nililificha," alisema kwa sauti ya chini. "Sijui kwa nini. Nilihisi tu kuna siku litaulizwa. Bosi alikuja Jumamosi saa tatu na nusu, akasema nipe mafuta haraka. Sikuuliza ya nini, huyu huwa haulizwi. Kwanza alikuwa ameloa chapachapa, amejirushia maji na ile mashine ya magari."

"Kina nani walikuwa nyuma pale?"

"Afande, mimi nina watoto wawili na kazi ni hii."

"Na mwenzako aliyekuwa anakula hapa na wewe kila mchana ana jeneza. Na shemeji yake yuko ndani kwa kosa lisilo lake, na anaingizwa mahakamani saa nane."

Mpishi aliweka kisu chini. Machozi yalimtoka kabla ya maneno. "Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia Mzee Tochi akisema, 'Bosi, shemeji alisema isiguswe mpaka arudi.' Naye akamjibu, 'Nyumba hii ni ya shemeji yako au yangu? Wageni wangu wakaogelee kwenye tope?' Halafu sikusikia tena. Halafu kishindo. Na yule bosi hakushuka kutoka juu, afande. Alitoka hukohuko nyuma akikimbia, akaingia ndani, *ndipo* akapanda juu. Alirudi amevaa taulo."

"Utayasema hayo mbele ya hakimu?"

"Nikishindwa kuyasema nitakula wapi tena kwa amani?" Alijifuta pua kwa kiwiko. "Nitayasema."

Saa ilikuwa sita na robo. Kwa haki, Sindano angeweza kurudi kituoni hapo hapo. Alikuwa na vitambaa, mafuta, shahidi, na zile dakika ishirini za daftarini ambazo mkuu alidhani zinamfunga fundi. Mtu hawezi kuosha machujio manne kwa dakika ishirini, hivyo hakuwa na sababu ya kufunga mashine Ijumaa. Lakini alimjua mkuu wake, na alimjua wakili atakayekuja na mkoba wa ngozi. Wakili atasema, bwana mkubwa wa watu alikosea tu, alijaribu kutengeneza bwawa lake, hakujua kuna hatari, kosa dogo la mtu asiyekuwa fundi. Faini, pole, kila mtu nyumbani. Sindano alirudi kwenye chumba cha mashine, akarudisha machujio, akaegesha kifuniko juu ya tangi, akazungusha mkanda wa chuma na kuukaza kidogo tu kwa mkono. Kisha akamwita Mkurugenzi.

"Nataka kuelewa kitu kimoja tu, niandike, niondoke," alisema kwa upole. "Mlinzi alisimamaje? Hebu bonyeza hiyo swichi nione."

Mkurugenzi aliingia hatua moja. Macho yake yalikwenda kwenye kifuniko, yakashuka kwenye mkanda.

"Ya nini kuwasha?"

"Ya kuandika tu. Ni swichi, bonyeza."

"Lakini huo mkanda..." Alirudi nyuma hatua moja. "Haujakaa huo."

"Haujakaa? Wewe umejuaje? Mimi nauona mzima kabisa."

"Unaonekana. Nati haijafika mwisho."

"Ahaa. Basi mimi nikae wapi, nisiumie?"

"Njoo huku." Tayari alikuwa nyuma ya ukuta mfupi wa matofali, kichwa tu kikichungulia, kiganja kimeshika tofali la juu. Alipafahamu pale, alipaingia bila hata kutazama chini, akayakwepa makopo ya dawa moja baada ya jingine. "Mwite yule mlinzi aje abonyeze."

Hata Mkurugenzi mwenyewe aliyasikia maneno yake yakitoka, maana mdomo ulibaki wazi.

"Nani?" Sindano aliuliza.

"Nilikuwa nasema..."

"Rudia. Nani aje abonyeze?"

"Afande, usinigeuze."

"Yule mwenye koti la marehemu? Huyo ndiye aje?" Sauti ya Sindano ilikuwa imepanda, na hakuwa na haja ya kuishusha. "Jumamosi uliwasha mwenyewe kwanza, siyo? Ukasikia mkanda unapiga mluzi kwa hewa inayovuja, ukazima. Ukaogopa. Ulimwona mwenyewe miaka sita, fundi akijificha nyuma ya ukuta huu huu, na alikueleza kwa nini. Ukajua kabisa kifuniko kitaruka! Ukaita mtu."

"Ulipiga mluzi kidogo tu!" Mkurugenzi alifoka, jasho likimtiririka shingoni. "Kidogo tu, ningejuaje? Na nilimwambia! Nilimwambia kabisa, bonyeza halafu ukimbie. Mimi si mnyama. Nilimwambia akimbie!"

Sindano alikaa akimtazama. Mzee Tochi alikuwa na miaka sitini na tatu. Ripoti ya hospitali iliandika, kwenye mstari wa pili, goti la kulia bovu la zamani. Alikuwa anapanda ngazi za geti mguu mmoja mmoja, akishika chuma, nyumba nzima inamwona.

"Ukimbie," Sindano alirudia. "Yeye akimbie, wewe ukae nyuma ya tofali. Halafu ukapanda juu ukavaa taulo, ukaja kuniambia kwamba alikuwa na kiherehere. Kiherehere! Mtu aliyekukatalia, ukamtishia kwa kumuuliza nyumba ni ya nani. Toka humo nyuma. Mikono nione."

"Unajua unaongea na nani?" Mkurugenzi alitoka polepole, akiishika simu kama kitu cha kumwokoa, kidole kikitafuta namba. "Mkubwa wako nilisoma naye. Nampigia sasa hivi. Utamaliza mwezi unaongoza magari barabarani."

Sindano alimfunga pingu mkono wa kushoto. Wa kulia akauacha, na simu yake.

"Mpigie," alisema. "Akikuuliza Jumamosi ulisimama wapi, mwambie ukweli."